Adabu ya Kukosa

Agosti 11
Joto. Sisi wa kikosi cha pili tunacheza besiboli yetu saa sita mchana, jua la utosini, mbele ya mashabiki wachache ambao nusu yao wamesinzia. Nimeingia kupiga mara nne, nimetolewa mara nne bila kuchapa kitu. Naanza shajara hii kwa sababu daktari wa goti ameniambia niandike kila siku jinsi linavyouma. Goti haliumi. Hilo ndilo tatizo, sina tena cha kusingizia.

Agosti 14
Tumekwenda Himi, nilikokulia, kwa mama, kusafisha kaburi la baba. Mama aliniuliza kwa nini timu yangu, Korongo, hawanionyeshi tena kwenye televisheni.
"Wamenipumzisha, mama."
"Hata wali ukipumzishwa sana huchacha," akasema, akaendelea kumwagia jiwe la kaburi maji.
Tulirudi kwa njia ya nyuma ya shule. Vijana walikuwa wamemaliza mazoezi, mmoja amebaki akisawazisha udongo kwa ile reki pana ya mbao. Nilisimamisha gari. Mimi na Minowa Kazuhiro tulikuwa na mchezo wetu pale. Kila jioni, wenzetu wakishachoka, yeye hupanda kwenye kichuguu cha mrushaji, kile kilima kidogo cha katikati ya uwanja, na kunirushia mipira mitatu ya mwisho. Nikiuchapa hata mmoja, anasawazisha uwanja mzima peke yake. Nikikosa yote, reki ni yangu. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na mpaka leo kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeshika reki zaidi.
Minowa anarushia Papa wa Shizuoka, timu hiyo hiyo moja tangu atoke shule. Mimi Korongo ni timu yangu ya tatu. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nimecheza kwa watu.

Agosti 19
Mvua. Mechi imeahirishwa. Nimelala.

Agosti 24
Kitabayashi, kijana anayecheza kituo cha tatu kikosi cha kwanza, nafasi iliyokuwa yangu mpaka Juni, alikuja kwenye mazoezi yetu. Akainama, akavua kofia. "Kaka Odagiri, mpira unaopita nje, mbali na mwili, unanisumbua. Nifundishe." Nikamfundisha mpaka jua likazama. Ana mikono myepesi mtoto yule. Nilipomsimulia Chizuru, mke wangu, aliacha kuosha vyombo.
"Yaani unamnolea kisu anayekuchinja."
"Ameniita kaka."
"Hata mchinjaji humwita mbuzi kwa upole."

Agosti 30
Mazoezi ya kupiga kwenye ukumbi. Kocha Hamasaki alisimama nyuma ya wavu muda mrefu.
"Odagiri, unachelewa."
"Ni upepo, kocha."
"Upepo gani? Tuko ndani."
Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Baadaye nilibaki peke yangu na ile mashine ya kurusha, nikaichapa mipira yote vizuri, mmoja baada ya mwingine. Mashine haina hila, inarusha pale pale kila mara. Nilirudi nyumbani nimefurahi, kisha njiani furaha ikaniisha.

Septemba 3
Nilifungua kabati kutafuta soksi nikaona suti yangu nyeusi haipo.
"Suti yangu iko wapi?"
"Kwa dobi," Chizuru akasema.
"Kwani nani amekufa?"
"Hajafa mtu. Ina ukungu begani. Au ulitaka uende na ukungu?"
"Niende wapi?"
Aliendelea kukuna figili ya kulia samaki. Hakuwa na haja ya kujibu. Kila mwanzo wa Oktoba ofisi ya klabu hupiga simu. Hawasemi mengi. Kesho njoo ofisini, uvae suti. Mchezaji ambaye bado anatakiwa huenda ofisini na fulana ya mazoezi. Ukiambiwa suti, umekwisha. Tunaiita simu ya suti na tunaitania mwaka mzima, isipokuwa mwezi huo.
Nilikula vyote. Samaki alikuwa mtamu sana, na hilo pia liliniudhi.

Septemba 8
Binti yangu Honoka aliniletea simu yake nisome. Minowa anastaafu. Bega. Amekaa mbele ya kamera kwa suti ya bluu, amenenepa mashavu, anawashukuru watu wote mpaka wafua sare.
"Baba, huyu si rafiki yako? Huna huzuni?"
"Ninayo," nikasema.
Nitaandika ukweli humu kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, kwamba ametangulia yeye. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa napiga mswaki, na ilikuja nyingi.

Septemba 10
Nimempigia Minowa. Alipokea kwa kicheko.
"Umekawia. Hata kinyozi wangu wa zamani amenipigia kabla yako."
"Bega vipi?"
"Nikiinua mkono kuchukua kikombe kabatini, namwita mama aje. Sikia, mechi yangu ya kuaga ni tarehe ishirini na nane, na ni dhidi yenu. Bahati mbaya hutakuwepo. Uko huko chini unalea watoto."
"Niombee njaa vizuri."
"Naomba kila siku, Shun," akasema, kwa jina langu la kwanza. "Mungu ana kazi nyingi."
Mrushaji anayeaga hupewa mpigaji mmoja tu, yule wa kwanza wa mechi. Humrushia mipira minyoofu katikati, na mpigaji huzungusha gongo mara tatu hewani na kukosa mara tatu, halafu uwanja mzima hulia. Hakuna kanuni iliyoandikwa, wala hakuna anayekuagiza. Unajua tu, kama unavyojua kuvua viatu mlangoni. Nilikuwepo mwaka mmoja kijana alipojisahau akauchapa mpira wa mzee aliyekuwa akiaga. Haukwenda hata mbali. Alisimama kwenye kituo cha kwanza ameshika kichwa, na mpaka leo akikanyaga uwanja ule wanamzomea.

Septemba 15
Kitabayashi amevunjika kidole. Nimeitwa kikosi cha kwanza.
Nilimpelekea zabibu hospitalini. "Kaka, nichungie nafasi yangu," akasema.
"Nafasi yako ilikuwa yangu, mpumbavu wewe."
Tulicheka wote wawili, ila kicheko hakikudumu.

Septemba 17
Nimeingia mwishoni. Nimekosa.

Septemba 18
Nimekosa.

Septemba 20
Mvua nyembamba ya vuli, haikatiki. Tumecheza ndani yake. Nimekosa.

Septemba 22
Nimepata! Mpira uligonga gongo karibu na mpini, ukaelea kama jani, ukadondoka nyuma ya mtu. Gazeti la leo linasema, "Uzoefu wa Odagiri waokoa jahazi." Sikuwa na uzoefu wowote pale, nilikuwa na bahati. Lakini nimelikata gazeti nikalihifadhi.

Septemba 25
Nimekosa. Mpira ulikuwa mzuri, ule ninaoupenda, juu kidogo upande wa ndani. Niliuona tangu ulipotoka mkononi mwake. Nilipofika haukuwepo.

Septemba 27
Kimbunga. Madirisha yamefungwa kwa mbao, treni zimesimama. Mechi ya Minowa imesogezwa hadi Oktoba 4, siku ya mwisho ya msimu. Suti imerudi kutoka kwa dobi. Inaning'inia ndani ya mfuko wake wa nailoni, na mlango ukifunguliwa inatikisika.

Septemba 29
Kocha Hamasaki aliniita kando.
"Tarehe nne utaanza wewe. Mpigaji wa kwanza. Meneja anataka hivyo. Mmesoma pamoja, watu watalia machozi."
"Kocha, nahitaji kupata. Unaijua hali yangu."
Akaangalia viatu vyake. "Hiyo mechi hakuna atakayeihesabu, Odagiri. Sisi tuna macho. Mwakani nataka mtu mzima kwenye benchi, wa kuwatuliza hawa watoto. Nimelitaja jina lako huko juu, na hawakukunja uso." Kisha akanigonga bega. "Adabu unaijua."
"Naijua, kocha."
Hawakukunja uso! Nilitembea mpaka kituo cha treni nikilirudia neno hilo kama mtu aliyeposa na hajakataliwa.

Septemba 30
Minowa kapiga simu.
"Nasikia ni wewe."
"Ndiyo mimi. Usijali, nitakukosea vizuri, nitaanguka mpaka magoti."
Nikamsikia akifunga mlango.
"Shun, usiniigizie."
"Acha utani."
"Sitanii. Nimerusha miaka kumi na tisa. Mpigaji wangu wa mwisho ndiyo nipewe kama sadaka? Mama yangu atakuwa pale. Ana miaka themanini na anaujua mchezo huu kuliko meneja wenu. Ukizungusha gongo kama mtu anayefukuza nzi, atajua."
"Watanizomea mpaka nizikwe."
"Wakuzomee. Si umeshazoea?"
"Na bega lako je? Nitakuchapa mpira uende mpaka baharini."
"Uende. Nichape au nikutoe, lakini iwe kweli. Kama kule shuleni. Niahidi."
Nikaahidi. Baada ya kuweka simu nikakumbuka kocha, nikakumbuka ile nafasi ya benchi, na nikamchukia Minowa kwa muda mfupi lakini kwa dhati.

Oktoba 1
Simu zimeanza. Wawili wa kikosi cha pili, mmoja wao ana mtoto wa wiki tatu. Kwenye basi kila mtu ameweka simu yake magotini, kioo kimeelekea chini. Ikitetemeka moja, wote tunashtuka. Leo iliyotetemeka ilikuwa ya dereva.

Oktoba 2
Yangu haijalia.
Nilimweleza Chizuru habari ya ahadi. Alisikiliza huku akipasi sare ya shule ya Honoka.
"Ukimchapa, dunia nzima itakuchukia. Usipomchapa, atakuchukia yeye," akasema. "Chagua, Baba Honoka, ila usije ukanilalamikia mimi."
"Nitamchapa. Nimeahidi. Tena nitakuwa nimepata, hata kama watazomea. Ofisi waone kwamba bado nina mkono."
"Na ukijaribu ukakosa?"
Nilicheka. "Kwa Minowa? Kwa bega lile?"
Hakucheka. Aligeuza kola, akapasi upande wa pili.

Oktoba 3
Tumefika Shizuoka. Nimekula tambi za moto, bakuli mbili. Sikulala vizuri.

Oktoba 4
Nitaandika yote, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto hauinuki.
Kimbunga kilikuwa kimeacha mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Mechi ilianza saa nane mchana. Chizuru na Honoka walikaa safu ya kwanza, upande wa kituo cha tatu, na mama yake Minowa alikaa nyuma ya wavu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono juu ya kishikio cha mwavuli. Minowa alipotoka kwenda kwenye kichuguu watu wote wakasimama. Hata sisi kwenye benchi tulisimama. Nilivua kofia yangu ngumu nikainama. Naye akainama. Alikuwa ameshalia, macho yamevimba, lakini aliponitazama kope zilitulia, nikamwona yule yule wa Himi.
Mdakaji wao, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, ni kijana mcheshi. Alininong'oneza kutoka kwenye barakoa yake, "Kaka, yote minyoofu, yote katikati. Kazi yako rahisi leo."
Nilikanyaga udongo, nikashika gongo.
Wa kwanza ulikuja polepole. Naapa ulikuja polepole, niliuona mshono wake. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote nikasikia sauti ya glavu. Mpira ulikuwa umeshafika. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nikajiambia, una papara, tulia.
Kwa wa pili nililishika gongo juu zaidi ya mpini, nikaanza mapema zaidi. Hewa tupu. Mdakaji akacheka chini chini. "Kaka, unaigiza kuliko watu wa sinema."
Hapo jasho likanitoka. Haikuwa hofu ya kuzomewa. Wakizomea ningefurahi, ningewabusu mmoja mmoja. Nilimtazama Minowa akisugua mpira. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kuanzia kiwiko. Alikuwa anarusha kwa maumivu, kwa mabaki ya bega, na mimi sikuwa na maumivu popote. Nikajiambia, huu sasa. Huu nautaka kuliko nilivyowahi kutaka mpira wowote, huu ni kazi yangu, ni ahadi yangu, ni mwaka wangu mmoja zaidi. Akanyanyua mguu. Mpira ukatoka mkononi, mweupe, mnyoofu, katikati kabisa, mahali ambapo hata Honoka angeugusa. Nikazungusha kwa kila nilichonacho. Kitu kikachanika ubavuni mwangu upande wa kushoto kama shuka kuukuu. Na glavu ikalia.
Ubao ulionyesha kasi ya kilomita mia moja thelathini na moja. Kitabayashi huichapa mipira ya kasi hiyo akipiga miayo.
Uwanja ulilipuka. Watu walilia, wageni wakakumbatiana. Kwa desturi mpigaji huenda kwenye kichuguu kumpa mrushaji mkono, nami nikaenda, nikibana pumzi kwa ajili ya ubavu. Minowa alinikumbatia mbele ya kamera zote. Akanisogezea mdomo sikioni.
"Mwongo," akasema.
Halafu akaniachia, akatabasamu, akawapungia watu mkono.
Kwenye benchi kila mtu alinigonga mgongoni, na kila pigo lilishuka mpaka ubavuni. "Kaka, umetuheshimisha." "Ile ya tatu, kaka! Mpaka uso uliukunja!" Kocha Hamasaki alikuja mwenyewe. "Kiungwana sana. Meneja amefuta macho, nimemwona. Wiki ijayo tuzungumze habari za mwakani."
"Asante, kocha."
Sikuweza kuinua mkono. Nilimwambia mganga wa timu kwamba naumwa tumbo, wakamwingiza mwingine. Ningemwambia nini? Kwamba nimechanika ubavu kwa kuigiza?
Nilikaa mwisho wa benchi, nikajitazama kama ninavyotazama wapigaji wengine, na sikuweza kujidanganya. Goti si kitu, upepo si kitu. Macho yanaona na mkono haufiki, na haitarudi. Nilikuwa nimejua tangu Agosti. Nilitaka kulia lakini wenzangu wangedhani namlilia Minowa. Basi nikalia, wakadhani hivyo.
Mechi iliisha, zikafuata hotuba na maua. Wenzake Minowa wakamrusha juu, wakamdaka, wakamrusha tena. Mimi nilikuwa nahesabu jambo lingine. Nikinyamaza, nina kiti changu cha benchi mwakani. Hakuna anayejua. Watu elfu thelathini wameshuhudia kwamba Odagiri ni muungwana. Gharama yake ni moja tu, Minowa kuondoka akiamini kwamba rafiki yake alimpa sadaka mbele ya mama yake. Atanisamehe, nikajiambia. Tutakutana kwenye harusi ya mtu, tutacheka. Lakini nilimwona akipita mbele ya benchi letu na maua yake, akitoa mkono kwa kila mmoja, na aliponifikia mimi akaniita "Bwana Odagiri." Miaka ishirini na mbili sijawahi kuwa Bwana Odagiri kwake.
Basi letu lilipowasha injini nikashuka. Nilimwambia kocha kwamba nitarudi kwa treni na familia.
Majukwaa yalikuwa tupu. Minowa alikuwa amesimama peke yake kwenye kichuguu na viatu vya kawaida, na wafanyakazi wa uwanja walimsubiri pembeni na reki zao, hakuna aliyetaka kumharakisha. Mama yake alikuwa bado kitini.
"Umesahau kitu?" Minowa akaniuliza.
"Nilizungusha kweli."
"Nenda nyumbani, Shun."
"Yote mitatu. Kwa nguvu zangu zote. Sikuweza kukufikia."
"Na sasa unanidanganya mara ya pili ili nilale vizuri." Sauti yake ikapanda. "Mpira wa mia na thelathini na moja! Katikati! Mama angeuchapa kwa mwavuli! Nilikuomba kitu kimoja tu!"
"Unafikiri napenda kukuambia? Kocha ameniahidi kiti mwakani kwa ajili ya adabu yangu. Adabu gani? Nimekwisha, Minowa. Nimekwisha kabla yako, ila wewe ulikuwa na ujasiri wa kusema."
Alinitazama. Niliona anataka kuamini na anaogopa. Nikafungua koti, nikamwonyesha ubavu. "Gusa hapa. Anayefukuza nzi hachaniki hapa."
Alidhani ni mzaha. Akaukandamiza ubavu kwa kidole gumba, na mimi nikapiga yowe lililorudi kutoka jukwaa la mbali. Wafanyakazi wa uwanja wakageuka. Minowa aliuondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.
"Ni kweli," akasema. "Shun, ulizungusha kweli."
"Sasa nilikuambia nini?"
"Nimekutoa." Akajishika bega. "Nimekutoa kihalali. Mama!" Akageukia wavu, akapaza sauti kama mtoto. "Mama! Nilimtoa kweli!"
"Niliona," mama akajibu kutoka kitini, bila kuinuka. "Alichelewa yote mitatu. Tangu ahamie Korongo anachelewa. Nilidhani nyote mnajua."
Minowa akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Mimi kucheka kuliniua ubavu, nikawa nacheka na kulalamika kwa pamoja. Halafu tukakaa bega kwa bega kwenye kichuguu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.
"Pole," akasema baadaye.
"Asiyekubali kushindwa si mshindani."
"Vizuri." Akainuka, akaenda kwa wafanyakazi, akainama, akaomba kitu, akarudi nacho. Reki.
"Mkono hauinuki, Minowa."
"Una miwili. Sheria ni sheria."
Nilisawazisha kichuguu kwa mkono mmoja. Alama za viatu vyake zilikuwa pale, shimo la mguu wa kutua, mstari wa mguu wa kukokota. Nilizifuta moja moja. Alisimama na maua yake akinikosoa, kona ile, umeacha kona ile, mpaka nikamaliza.

Oktoba 6
Asubuhi simu ilikuwa mezani, kimya. Sikuisubiri. Nilipiga mimi. Karani wa ofisi alibabaika. "Lakini Bwana Odagiri, hatujakuita. Kocha Hamasaki amesema..."
"Najua alichosema. Nakuja kesho saa tatu."
"Uvae... uje tu unavyopenda."
"Nitavaa suti," nikasema.
Nimeijaribu usiku huu. Inabana tumboni, begani haina ukungu. Chizuru amenifunga tai kwa sababu mkono bado haufiki shingoni, akaivuta sawa, akaivuta tena ingawa ilikuwa sawa. Honoka alikuwa mlangoni.
"Baba, na wewe watakufanyia mechi ya kuaga?"
"Nimeshafanyiwa," nikamwambia. "Ulikuwa safu ya kwanza. Ulipiga makofi sana."